Barua ya Phylis

Barua pepe ilifika wiki ya pili ya Aprili, Eunice Nthenya akiwa dukani kwake Noonkopir, Kitengela, akishona kola za sare za shule. Aliisoma mara mbili, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, akaendelea kukanyaga cherehani. Kola mbili zilitoka zimepinda, ikabidi azifumue.

Aliyeandika ni Phylis, mwenzake wa zamani. Siku hizi Phylis alikuwa kocha wa kuteleza kwenye barafu huko Finland. Alisema klabu yake ilikuwa na nafasi moja kwa msichana kutoka Afrika: angeanza na mazoezi ya Julai, kisha angebaki huko kwa msimu mzima, asome shule na ateleze. Alikuwa amemfikiria Jane, mwanafunzi wa Eunice. Alimwomba Eunice azungumze na wazazi wa msichana, kwa kuwa wanamwamini, kisha amjibu kabla mwezi haujaisha.

Eunice hakumjibu, wala wazazi hakuwaambia.

Ili mtu aelewe kwa nini, ni lazima arudi nyuma miaka kumi na minne. Wakati huo Eunice na Phylis walikuwa wasichana wa miaka ishirini, wameajiriwa kugawa viatu vya barafu kwa wageni katika uwanja mdogo wa ndani, Nairobi, upande wa barabara ya Mombasa. Wageni wakishaondoka, wao nao walivaa vile viatu wakaingia. Hawakuwa na mwalimu. Walitazama video kwenye simu ya Phylis, wakaanguka, wakatazama tena. Kwa mwaka mmoja na nusu magoti yao hayakukosa alama za kugonga barafu. Kati yao Eunice ndiye aliyekuwa na kipaji zaidi, na Phylis mwenyewe alikuwa akilisema hilo mbele za watu bila kuona haya. Eunice alipozunguka katikati ya uwanja, hata wapishi walitoka jikoni kuja kutazama.

Kisha chama cha mchezo kikapata nafasi ya mtu mmoja kwenda kusomea ukocha ng'ambo. Wote wawili waliomba. Phylis alikuwa na cheti cha chuo, Eunice hakuwa nacho, basi Phylis akaenda. Eunice alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akamkumbatia, akarudi nyumbani. Kwa wiki nzima hakuongea na mtu. Baadaye aliolewa na Kivuva, fundi wa pampu za visima, wakajenga Kitengela na kupata binti, Nzula. Kushona ndiko kulikomlisha. Jumamosi alifundisha watoto kwenye barafu, na siku nyingine jioni aliwafundisha kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa kanisa uliotandazwa matofali ya kabro, karibu na nyumbani.

Jane Meitamei alimjia akiwa na miaka tisa. Shule yao ya Kajiado ilileta watoto kuona barafu. Wengine wote waling'ang'ania ukuta. Jane aliachilia mikono, akaanguka, akaamka, akaachilia tena. Kabla ya saa moja kwisha alikuwa akivuka uwanja peke yake, mdomo wazi. Eunice alimfuata mwalimu wa darasa, akaomba namba ya simu ya wazazi. Kwa miaka minane baada ya hapo, kila Ijumaa Jane alitoka kwao akalala kwa Eunice, kitanda kimoja na Nzula, na asubuhi wakaenda barafuni pamoja. Eunice alimshonea kila nguo aliyoshindania. Alimfundisha kuruka na kuzunguka hewani mara moja, halafu mara mbili. Mwaka huu, mwezi wa Februari, alimpeleka Uturuki kwenye mashindano ya vijana, na Jane akawa wa tisa.

Huko Uturuki ndiko Phylis alikomwona. Alikuja na wanafunzi wake watatu, amevaa koti refu jeusi lenye jina la klabu mgongoni. Alimkumbatia Eunice kwa furaha ya kweli. Jane alipomaliza kuteleza, Phylis alimshika mabega akamwambia kitu kidogo sana, kuhusu kichwa kielekee wapi wakati wa kutua. Jane alijaribu mara moja tu, ikakubali. Ni kitu ambacho Eunice alikuwa amekitafuta kwa miezi mingi bila kujua ni nini. Jane alicheka, akamtazama Phylis kwa macho ambayo Eunice aliyajua vizuri, kwa maana miaka minane yalikuwa yakimtazama yeye.

Basi barua ilipofika, wivu ulikuwa tayari umeshakaa.

Alijipa sababu. Jane yuko kidato cha nne, amalize shule kwanza. Huko ni baridi. Hana ndugu. Kivuva aliambiwa habari za barua siku ya tatu, akamshauri amjibu mwenzake, hata kama ni kukataa. Eunice alisema atajibu. Ijumaa ilifika, Jane akaja na begi lake, wakala ugali na sukuma, msichana akasimulia habari za mtihani wa hisabati. Eunice alimsikiliza na barua ile ikiwa kwenye mfuko wa aproni yake, ndani ya simu. Ijumaa ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Tena alimfundisha vizuri wiki hizo kuliko wakati mwingine wowote, kwa upole mwingi, akamnunulia soksi mpya, na alijua vizuri kwa nini alikuwa mpole.

Wapenzi wa mchezo huu wana kipindi chao cha umbea. Mashindano huisha mwezi wa Machi, na mpaka Agosti hakuna anayeshindana. Habari ni za nani amestaafu, nani amegombana na mwenzake wa kuteleza naye, nani amebadilisha wimbo, nani amehama kocha. Eunice alizifuata kila asubuhi kwenye simu, vile wanaume wa stendi wanavyofuata habari za wachezaji wa mpira wanaohama timu. Asubuhi moja mwanzoni mwa Mei, katikati ya orodha ndefu ya Wajapani na Waitaliano, alikuta mstari mmoja: Jane Meitamei wa Kenya, miaka kumi na saba, anatarajiwa kujiunga na kocha Phylis huko Finland. Jina la kocha aliyemlea halikuwepo.

Phylis alikuwa amengoja mpaka akachoka. Kisha aliandikia chama, na chama kikapigia familia simu; Jane naye akazungumza na Phylis mwenyewe.

Ijumaa hiyo Jane alikuja, lakini hakuvua viatu. Alisimama mlangoni na begi begani.

"Mwalimu, Kocha Phylis anasema alikuandikia mwezi jana."

Uongo ulikuwa karibu. Eunice angeweza kusema kwamba barua haikufika, na Jane angeamini.

"Aliniandikia," akasema.

"Na hukuniambia."

"Nilitaka umalize shule."

"Kocha anasema alikueleza mambo ya shule pia. Yote alikueleza."

Jane alisubiri kidogo, kisha akasema atalala kwa shangazi yake Isinya. Nzula alimfuata hadi geti akimuuliza kwa nini anarudi. Kesho yake barafuni Jane hakuonekana.

Siku ya Jumanne, baba yake Jane, mzee Meitamei, alipiga simu. Hakusema mengi. Alimwomba mwalimu afike nyumbani, kuna neno la kuongea. Eunice alifunga duka, akaenda, na safari nzima alikuwa akijiandaa kutukanwa.

Boma la Meitamei liko nje ya mji wa Kajiado, upande wa kwenda Bissil. Yeye ni mfugaji, mwanamume mrefu asiyekuwa na haraka. Siku moja aliwahi kuja Nairobi kumtazama binti yake, akasimama kando ya barafu na shuka lake saa mbili nzima, na alipoulizwa ameonaje, alisema ameona baridi.

"Takwenya," alimsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Eunice akajibu.

Walikaa nje, kwenye kivuli cha tangi la maji. Mama Jane alileta chai, akaketi nao. Jane alikuwa ng'ambo ya uwanja akiosha mitungi ya maziwa, wala hakugeuza kichwa. Meitamei alieleza kwamba watu wa chama wamempigia mara mbili wakitaka aweke sahihi. Alikuwa amekataa. Kwanza alitaka kumsikia mwalimu. Polepole Eunice alianza kuelewa kwamba mzee hakujua lolote kuhusu barua. Jane hakuwa amewaambia.

"Huyo mama mwingine simjui," Meitamei alisema. "Wewe ndiye tumekuwa nawe miaka minane. Mtoto akiwa kwako tunalala. Ukisema aende, ataenda. Ukisema bado, basi ni bado, hatutaongea tena hii maneno."

Eunice alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Jambo lote lilikuwa limerudi kwake, jepesi kabisa. Neno lenyewe lilikuwa fupi na lingesikika kama neno la busara. Bado. Amalize mtihani. Mwaka ujao. Hakuna ambaye angemlaumu, na kila mwaka ujao ungekuwa na sababu zake. Angebaki na Jane, na ile Ijumaa yake, na jina lake kama kocha kwenye karatasi za mashindano. Baadaye alimwambia Kivuva kwamba alilitamani neno hilo mpaka mate yakamjaa mdomoni.

Alimtazama msichana. Jane alikuwa ameacha kuosha. Alikuwa ameinama tu, mkono ndani ya mtungi.

"Aende," Eunice akasema. "Phylis anajua vitu ambavyo mimi sijui. Na ni mtu mzuri, atamtunza."

Meitamei aliitikia kwa kichwa. Hapo Eunice angeweza kunyamaza, lakini aliendelea.

"Kuna kitu kingine, Baba Jane. Barua ilikuja kwangu kwanza. Nilikaa nayo wiki tatu bila kuwaambia."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Niliona wivu. Nilimwonea Phylis, na Jane pia nilimwonea. Hiyo nafasi niliitaka nikiwa msichana, sikuipata."

Mama Jane aliweka kikombe chini. Meitamei aliwatazama mbuzi waliokuwa wakiingia. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Hiyo si vizuri," alisema mwishowe. "Viza inachukua muda. Wiki tatu ni nyingi."

Hakumsamehe kwa maneno, wala hakumfukuza. Alitaka kujua huko mbali mtoto atakula nini, atalala nyumba ya nani, na akiugua nani atampigia simu. Kisha akamwambia Eunice atoe simu yake amjibu Phylis pale pale, huku wanaona. Eunice aliandika, akawasomea alichoandika, akatuma. Jibu la Phylis lilirudi kabla chai haijapoa, na lilikuwa la shukrani tupu, bila swali hata moja. Hilo nalo lilimuuma. Angependelea Phylis awe na kinyongo kidogo.

Jane alimsindikiza hadi barabarani. Walitembea mpaka karibu na lami.

"Nilisikia vile uliambia Baba," Jane akasema. "Ati unanionea wivu."

"Ni kweli."

"Mimi nilidhani ulificha kwa sababu unaona siwezi."

Eunice alisimama. Katika wiki zote hizo alikuwa amefikiria mambo mengi ambayo Jane angeweza kudhani, lakini hilo halikuwa limempita akilini hata siku moja. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Kama ungekuwa huwezi," alisema, "ningekupeleka mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo."

Jane alicheka kidogo, cheko ambalo halikufika mbali. Ijumaa hiyo alikuja Kitengela, akalala na Nzula kama kawaida, lakini kwa Eunice alibaki mtu wa adabu nyingi, na adabu hiyo haikuisha mpaka siku ya kuondoka, mwishoni mwa Juni.

Katikati ya Julai alipiga simu. Ilikuwa jioni, Eunice akiwafunga watoto kamba za viatu vya magurudumu uwanjani pa kanisa. Jane alikuwa analia. Phylis alikuwa amemnyang'anya miruko yote. Amemwambia bega lake la kushoto linafunguka mapema mno, kabla mguu haujaacha barafu, kwamba alifundishwa vibaya tangu mwanzo, na sasa arudi kuruka kama mtoto, nusu mzunguko, asubuhi hadi mchana. Jane alisema anataka kurudi nyumbani. Alisema anamtaka mwalimu wake.

Eunice alisogea kando ya ukuta. Furaha ilimpanda kifuani, tamu, na haya juu yake. Msichana analia kule mbali na jina analoita ni la Eunice. Aliiacha furaha hiyo ikae kwa pumzi mbili au tatu. Bega lile alilijua. Jane hakulitoa kwingine. Ndivyo Eunice mwenyewe alivyoruka, tangu zile siku za video kwenye simu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

"Anasema kweli," alimwambia. "Mimi ndiye niliyekupa hilo bega. Fanya vile anakuambia."

Jane akapenga kamasi. Aliuliza kama anaweza kubaki kwenye simu kidogo, hata bila kuongea. Eunice alisema abaki. Alisimama pale na simu sikioni, akimsikia akipumua, huku watoto wakizunguka kwenye kabro. Kila mtoto aliyempita, Eunice alimtazama bega la kushoto, na karibu wote walikuwa wanalifungua mapema.