Chupa ya Mama Ilinuka Saumu

Nimeuza saumu Silanga, hapa Kibera, kwa miaka mingi hata siinusi tena harufu ya mikono yangu. Wanaoinusa ni wengine. Kwenye foleni ya maji watu hujua niko nyuma yao kabla sijasema niaje. Sijawahi kuona haya kwa hilo. Saumu ilinilipia kodi na kumsomesha mdogo wangu kozi ya maabara, na kwa miezi kadhaa nilidhani ingemsaidia mama yangu kuliko dawa yoyote ya hospitali.

Mdogo wangu alipomaliza kozi alikaa Kawangware akisuka watu nywele, kwa sababu maabara za Nairobi zina wenyewe. Siku alipopata kazi alinipigia simu akilia.

"Dada, nimepata job! Na si job yoyote. Ni ya garlic!"

Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa. Baada ya miaka yote ya kuziba pua akiingia kwangu, sasa saumu ndiyo ingemlisha. Nilimwambia Mungu naye ana utani wake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Watafiti walitaka kujua kama dondoo la kitunguu saumu, yaani yale maji makali yanayopatikana saumu ikipondwa na kuchujwa, linaweza kuwasaidia watu wenye presha wakilinywa pamoja na dawa zao za kila siku. Walitaka pia kujua kama matone machache kwenye mboga yangemfanya mtu apunguze chumvi. Chupa zilitayarishwa Kawangware, kwenye chumba nyuma ya duka la dawa, na hapo ndipo mdogo wangu alipofanya kazi. Kisha zililetwa Kibera na kugawiwa wagonjwa kwenye ukumbi wa kanisa, kila chupa na namba yake.

Mama ana presha ya siku nyingi. Nikamwandikisha. Mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tu, nisiseme pale ukumbini kwamba huyo ni mama yake, kwa sababu ofisi haikutaka ndugu wa wafanyakazi. Sikuona ubaya. Mji huu nani hajaficha ndugu kazini?

Tulipewa karatasi ya kukubali, kurasa nne, twende tukaisome nyumbani. Mama hasomi. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni pake mchana ule nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji, huku nikisimama kila baada ya mistari miwili kumwambia kwamba mtoto wake mwenyewe ndiye angekuwa akijaza hizo chupa. Kiswahili cha karatasi kilikuwa kile cha kumlaza mtu usingizi. Maharagwe yalikuwa jikoni na maji yalikuwa yanakaribia kukauka, kwa hivyo mbele huko nikaenda haraka haraka. Mama akachovya kidole kwenye wino akakiweka mahali nilipomwonyesha.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye mwenye ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga anakoishi mama, alikataa. Ni mama wa Kinubi, mjane, tumekula chapati zake za Idd tangu tukiwa wadogo, na mama yangu humwita dada. Yeye pia ana presha. Aliishika ile karatasi akaigeuza huku na huku, akasema miwani yake imevunjika na yeye hatii kidole kwenye karatasi ambayo hajaisoma mwenyewe. Babu zake, akasema, waliwekewa karatasi nyingi mbele yao na hadi leo wajukuu wanaulizwa hii ardhi ni ya nani. Nilimwona mkaidi. Njiani nilimcheka.

Basi mama akaanza kunywa. Kijiko kimoja asubuhi, kingine jioni. Kila akifungua chupa, chumba kizima kilinuka saumu, na alikuwa akifumba macho na kutabasamu kama mtu anayesalimiwa.

"Hii ni mikono ya watoto wangu wawili," aliwaambia wageni. "Mkubwa anauza, mdogo anakamua."

Aliamini hivyo kwa sababu kila Ijumaa mdogo wangu alikuja kutoka Kawangware kununua kilo moja kwangu. Nami niliamini hivyo hivyo.

"Dada, si lazima unipee zile poa," alikuwa akiniambia. "Hata zile zimeota ni sawa. Bora zinuke."

Mimi nilimchagulia zilizo bora hata hivyo. Niliziminya moja moja kwa kidole, zile laini nikaziacha za wateja, zile ngumu nikamwekea. Nilijua mwisho wake ni kwenye kijiko cha mama. Nani atatengeneza dawa kwa saumu iliyoota? Swali hilo lilinijia, kweli lilinijia, nikaliacha lipite.

Mwezi wa tatu hivi tangu mama aanze kunywa, tembe za presha ziliisha kwenye kliniki ambayo jirani huchukulia zake. Wakamwambia arudi baada ya wiki mbili, akarudi, wakamwambia tena arudi. Kwenye ploti ile vitu havikai kwa mtu mmoja huku mwenzake hana. Kiberiti, unga, jiko lenye moto, hata kitanda kikipata mgeni, vyote huzunguka. Mama akafanya alichofanya maisha yake yote. Akazigawa tembe zake. Leo anakunywa yeye, kesho anakunywa dadake.

Nakumbuka Jumapili alipoanza, kwa sababu sote tulikuwepo. Mama alikuwa amekaa kitandani akifunga tembe kwenye kipande cha gazeti, tano, sita, saba. Mdogo wangu alikuwa na chapati mkononi. Aliacha kutafuna.

"Mum, si ukunywe tu dawa zako," alisema.

"Mimi nina yenu," mama akajibu, akaionyesha ile chupa kwa kidevu.

Mdogo wangu alinitazama mimi. Nilimcheka. Nikasema maabara imempeleka mbali, sasa haamini hata kazi ya mikono yake. Akainamisha kichwa, akaendelea kula. Mama akapeleka kile kifurushi ukuta wa pili, kwa jirani.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, wiki kadhaa baadaye. Mama alikuwa amekuja kunisaidia kumenya saumu za mwanamke mmoja anayewapikia wafanyakazi wa mjengo. Anamenya haraka kuliko mimi, au alikuwa. Kisu kilimwanguka. Nikamwambia aangalie vidole. Hakujibu, nikageuka, nikaona mdomo wake umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia umelala juu ya paja kama si wake.

Tulimbeba hadi hospitali. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mwenye subira. Aliniuliza kama mama alikuwa akinywa tembe zake kila siku. Nikamwambia kila siku ya pili, lakini na maji ya saumu ya utafiti, asubuhi na jioni, bila kukosa. Nilisema hivyo kwa majivuno, Mungu anisamehe. Aliniangalia kidogo, akaandika. Hakunigombeza. Mpaka leo natamani angenigombeza.

Mama aliishi. Maneno yalirudi polepole, yakiwa mazito. Mkono haukurudi wote.

Mradi ulipofungwa, waliita wagonjwa wote ukumbini. Nilienda kwa niaba ya mama. Daktari mwenye utafiti, mwanamke mpole mwenye viatu visivyoogopa tope, alitushukuru, akaeleza kwamba hesabu za matokeo bado zinafanywa na hataki kutudanganya kabla hazijaisha. Kisha akagawa bahasha. Ndani ya kila bahasha mgonjwa angejua alikuwa akinywa nini.

Ya mama ilisema maji. Maji yaliyochemshwa, na rangi kidogo.

Nilirudi mbele nikiwa na hakika wamekosea. Nikamwambia daktari chupa ile ilikuwa ikinuka saumu mpaka kwa majirani. Hapo akatabasamu, maskini, akidhani anazungumza na mgeni. Akasema harufu ndiyo iliyowasumbua sana mwanzoni, kwa sababu saumu haifichiki, kila mtu angejua mwenzake amepewa nini. Bahati yao walikuwa na msichana mmoja hodari kule Kawangware. Yeye ndiye aliyebuni njia. Alikuwa akiponda saumu mbichi na kusugua ndani ya kila kizibo cha chupa za maji, mpaka hakuna aliyeweza kutofautisha. Dondoo la kweli lilikuja limeshatengenezwa kwenye maabara kubwa. Saumu ya kununua sokoni ilikuwa ya vizibo tu.

Saumu yangu. Zile ngumu nilizomwekea.

Niliumia. Sijui neno kubwa kuliko hilo na silitafuti. Nilimlea yule msichana. Nilimbeba mgongoni foleni ya maji nikiwa na umri wa kubebwa mimi mwenyewe. Na yeye alikaa kwenye kigoda changu kila Ijumaa, akanywa chai yangu, akanipa asante, akaenda kumnukishia mama yetu maji.

Kutoka ukumbini sikupita nyumbani. Nilienda Kawangware moja kwa moja. Nilimkuta peke yake, akipanga chupa tupu kwenye maboksi. Aliona bahasha mkononi mwangu akakaa chini.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua namba yake, ndio."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye nilikuwa napanga."

Nilimuuliza kama mama si mtu. Akasema alikuwa amesaini kiapo, asimwambie yeyote, hata wa nyumbani, na wangejua ni mama yake angefutwa siku hiyo hiyo. Akasema dawa ya mama ilikuwa tembe, tangu mwanzo ilikuwa tembe, chupa ilikuwa ya kuongezea tu. Hata wale waliopewa saumu ya kweli hawakutakiwa kuacha tembe. Alisema yote hayo vizuri, kama aliyeyafanyia mazoezi.

"Jumapili ile ulikuwepo akizigawa," nikamwambia. "Ulikuwa na chapati mkononi."

"Nilimwambia akunywe dawa zake!"

"Ulisema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi."

Akaanza kulia. "Ningesema aje, dada? Ningekaza, ungeniuliza mbona. Na wewe ukijua kitu, Silanga yote imejua. Ungenyamaza? Sema ukweli, ungenyamaza?"

Nisingenyamaza. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alinijua vizuri hivyo na akautumia ujuzi huo kunificha jambo. Nilimwambia sina mdogo. Nilimwambia asikanyage Silanga, atafute saumu ya kunukishia watu maji mahali pengine. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema jingine, sasa bila kulia.

"Hiyo karatasi ilisema yote. Ilisema kuna chupa za maji. Ilisema mtu asiache dawa zake. Nani alimsomea?"

Karatasi ya mama nilikuwa nimeiweka chini ya godoro lake, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki. Kesho yake mchana niliitoa. Nilikaa kwenye kigoda kile kile. Jirani alikuwa ndani, anakuja kila siku tangu mama aanguke, anamchana nywele na hasemi mengi. Nikaanza kusoma upya kutoka ukurasa wa kwanza, kwa sauti ya kawaida. Nilitaka kuona mwenyewe kwamba mdogo wangu anadanganya.

Ukurasa wa tatu, juu kabisa, ilikuwa imeandikwa kwamba nusu ya washiriki watapewa chupa isiyo na dondoo lolote, na kwamba hakuna atakayejua yake ni ipi. Chini yake, kwa herufi nzito, mshiriki asipunguze dawa zake za presha wala asimpe mtu mwingine. Asimpe mtu mwingine. Waliotuandikia walitujua kiasi hicho, na mimi nilikuwa nimeruka kwa sababu ya sufuria ya maharagwe.

Chanuo lilisimama kwenye nywele za mama. Jirani akatazama mikono yake. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akavuta maneno yake moja moja kutoka upande wa mdomo unaofanya kazi.

"Hiyo hukunisomea."

Nikamwambia sikuisoma.

Akatikisa kichwa polepole, mara moja. Hakuniuliza kwa nini. Hajaniuliza mpaka leo, na mdogo wangu naye mama hajamfukuza. Ni mimi niliyemfukuza, na ni mimi ninayempisha sasa akija Jumapili na machungwa. Tunasalimiana kama wapangaji. Saumu hainunui kwangu.

Jirani alinunua miwani mpya mwezi uliofuata. Siku hizi mama akitoka kliniki na karatasi yoyote, hata ile ndogo ya kuonyesha tarehe ya kurudi, haniachii mkononi. Anaibana kwapani kwa ule mkono mzima, ananipita mlangoni, anagonga ukuta wa pili. Nawasikia kupitia mabati, mmoja akisoma neno kwa neno bila haraka, na mama akimwambia arudie.