Tambwe na Polisi Wasiobeba Bunduki

Ilikuwa mwaka wa 2016. Hapana, niseme vizuri: 2016 ni mwaka nilioteleza kwenye ngazi za Kadutu, hapa Bukavu, nikakaa nyumbani na mguu uliovimba. Hii ilikuwa 2018, nilikuwa nimeanza kutembea tena. Asiyetembea hafiki kwenye sinema ya Papa Christophe, kule chini ya Muhumba, maana njia yenyewe inashuka kama paa la nyumba.

Mimi natembea tu. Naweza kwenda mpaka Mumosho kuangalia maji ya Ruzizi, kisha nikarudi. Watu wananiuliza, "Papa, unaenda wapi?" Nawajibu, "Niko narudi." Ni kutembea huko kulikonikutanisha na Tambwe.

Tambwe wa Rashidi alikuwa mutu wa Uvira, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka pwani na bidhaa zao. Siku za kazi alitengeneza miavuli karibu na soko la Nyawera, na kwa mvua ya Bukavu hakukosa miavuli. Lakini siku ya Mungu, watu wakitoka misa na kula, Tambwe alikuwa musemaji wa filme. Kwetu hauendi sinema kuangalia tu. Unaenda kusikia musemaji. Alikaa kwenye kasha la soda kando ya televisheni, kipaza sauti mukononi, akapunguza sauti ya wazungu, akaweka ya kwake. Mwizi kwake aliitwa Shemeki, yaani shemeji, siku zote, na mukubwa wa mahali popote aliitwa Directeur. Kingereza alikipata Kampala alipokuwa anauza vitenge. "Si kingi," alisema, "lakini kinatosha wezi na polisi."

Wiki ile nilimukuta anashona mwavuli bila kuimba. Si kawaida yake.

"Kuna nini, Tambwe?"

"Papa Christophe amesema watu wanatoka katikati ya filme. Wakitoka tena siku ya Mungu hii, anafunga sinema, anaweka meza za muchezo wa bilia." Akakata uzi kwa meno. "Mwavuli unanipa chakula, muzee. Lakini pale kwenye kasha ndipo watu wananisikiliza."

Basi nikaenda. Sala ya sinema ilijaa. Tambwe alikuwa ameahidi polisi wa Uingereza, na kwenye karatasi ya disque, ile sahani ya filme, gari lilikuwa linaruka juu ya daraja. Mbele kabisa alikaa Maman Eulalie. Huyu alikuwa polisi wa roulage, alisimama kwenye rond-point, pale barabara zinapokutana, miaka mingi akiongoza magari, na hata baada ya kustaafu alivaa filimbi yake shingoni, pamoja na rozari.

Filme ikaanza. Kijiji cha mvua. Wezi wameiba kengele ya kanisa. Polisi ni wawili: mukubwa ni mwanamuke mwembamba, musaidizi wake ni mwanaume munene. Wanapiga hodi nyumba kwa nyumba. "Jambo maman, utusamehe, haujaona kengele?" Kila nyumba wanapewa chai. Wanainywa! Mimi nilikuwa nacheka, maana yule munene alikuwa anatafuta kengele ndani ya bakuli la sukari. Lakini kwenye chai ya tatu watu wakaanza kuguna.

"Papa Tambwe!" Huyo alikuwa Gisèle, muuza mandazi, sauti yake inafika ng'ambo ya ziwa. "Bunduki iko wapi?"

"Hawana."

"Hawana namna gani? Hii iko polisi ao iko wageni wa ndoa?"

Sala ikacheka, lakini cheko la kumucheka Tambwe. Ezéchiel, fundi wa matofali, akasimama. "Anaficha maneno huyu! Polisi bila bunduki, mi sijaona. Tafsiri muzuri!"

"Ezéchiel, nimetafsiri. Kule polisi wengi hawabebi bunduki."

"Bongo! Unatudanganya!"

Mabenchi yakalia. Watu kama kumi walikuwa wamesimama tayari. Papa Christophe alikuwa mulangoni, anamuangalia Tambwe tu. Nikajua Tambwe anaweza kujiokoa. Angesema bunduki zimefichwa ndani ya gari, nani angejua? Aliangalia televisheni. Kisha akasema kwa kipaza sauti, polepole, "Siwezi kuwawekea bunduki ambayo haiko."

Ezéchiel akashika njia ya mulango.

Ndipo filimbi ikalia. Moja, ndefu, ndani ya nyumba ya mbao! Maman Eulalie alikuwa amesimama, mukono juu.

"Arrêtez! Kaa chini, bote!"

Watu wote wakakaa. Papa Christophe naye akakaa, kwenye ndoo.

"Miaka vingt-neuf, ishirini na tisa, nilisimamisha malori yanayotoka Luhwindja. Nilikuwa na bunduki?"

Akamugeukia fundi wa matofali.

"Ezéchiel. Na pikipiki yako, nilikukamata mara ngapi?"

"Mara tatu, maman."

"Na nini?"

"Na... na filimbi, maman."

Sala ikapasuka. Gisèle alimwegemea jirani yake, machozi yanatoka. Maman Eulalie akakaa, akatengeneza kitenge chake. "Basi. Papa Tambwe, endelea."

Na filme nayo ikaamka! Lori la wezi likatoka mbio na kengele nyuma, kila shimo kengele inalia. Polisi munene akalifuata kwa baiskeli. Lakini Maman Eulalie akaruka tena. "Eh! Banapita kushoto! Bote banapita kushoto!"

"Maman, kule ndiyo sheria yao, si kuume kama kwetu."

"Sheria gani hiyo?" Akapiga filimbi kwa kila gari, na vijana wakapiga ya vidole pamoja naye. Tambwe akatoka kwenye kasha, akatangaza kama mupira: "Shemeki anakata kona, Directeur yuko mbele, Directeur anasimama katikati ya barabara!" Kweli, yule mwanamuke mwembamba alisimama mbele ya lori, akainua mukono tu. Mukono mutupu. Lori likasimama kwenye pua yake.

Maman Eulalie alikuwa kando ya televisheni, mukono juu namna ileile. Watu walipiga makelele mpaka mabati yakatetemeka. Tambwe akaweka kipaza sauti chini, anacheka na kulia pamoja.

Meza za bilia hazikuja. Siku ya Mungu iliyofuata watu waliomba filme ileile, na siku ya Mungu nyingine tena, mpaka disque ikakwaruzika. Na kila mara, pale pale lori linaposimama, Tambwe aliweka kipaza sauti chini ili Maman Eulalie asimame.

Sasa kuna jambo. Lori likishasimama, yule polisi munene anafika, pumzi imekwisha, anamwinamia mukubwa wake sikioni, anasema maneno machache. Mwanamuke anavua kofia, anacheka mpaka anakaa chini barabarani. Filme inaisha. Kwa makelele yetu, kila mara, hakuna aliyesikia.

Nilimuuliza Tambwe kwenye miavuli yake. Akacheka: "Muzee, uliona vile Ezéchiel alikaa?" Nikamuuliza Maman Eulalie. Akasema, "Mimi nilikuwa kazini." Nimeuliza mpaka Mumosho.

Yule munene alimuambia nini mukubwa wake?