Samaki Ambao Mzee Johana Hakuwataka

Ratemo Nyaberi hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani, mahubiri yakiendelea, goti lake moja lilikuwa likicheza mpaka Syprose, mkewe, alibonyeze kwa kiganja. Alifika Kimulot mwaka wa 1966 kutoka upande wa Kisii, akaajiriwa kuchuma chai. Akachuma miaka mitatu, akaacha. Akachoma makaa, akaacha. Akafungua kioski cha chai na mandazi, akakifunga kabla mabati hayajashika kutu. Kilichomshika mwishowe ni samaki.

Katikati ya mashamba ya chai kulikuwa na bwawa kubwa lililochimbwa zamani kwa maji ya kiwanda. Wazungu waliosimamia mashamba walikuwa wametia humo trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye madoadoa ubavuni, ili wamvue kwa ndoana siku za mapumziko. Wengi wao walipoondoka, samaki walibaki. Mwaka wa 1971 Ratemo aliomba laiseni ya kutega wavu humo, akapewa. Tangu hapo, siku tatu kwa wiki, tulimwona asubuhi akipanda mlima na baiskeli yake, kreti mbili zimefungwa nyuma kwa mpira, maji yakichuruzika barabarani. Sisi walimu wa shule ya msingi tulimsubiri getini. Waliokaa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi walimsubiri. Samaki waliobaki aliwafikisha mpaka hoteli moja ya Kericho, na jioni alirudi kreti zikigongana tupu.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakununua, na mtu huyo alikuwa mpenda samaki kuliko sisi sote.

Alikuwa Johana Kipkosgei, Mkipsigis wa miaka sitini na kitu. Wazee wa rika lake hawakula samaki; kwao samaki alikuwa ndugu ya nyoka. Lakini Johana alikuwa amembebea meneja mmoja vifaa vya kuvulia kwa miaka ishirini, akajifunza kuvua, kisha akajifunza kula. Meneja alipoondoka mwaka wa 1964 alimwachia ufito wake wa kuvulia, na kikopo cha ndoana ndogo zilizovishwa manyoya ya jogoo zikafanana na nzi. Kuanzia hapo Johana alivua peke yake mtoni Itare, mpaka siku alipoteleza juu ya jiwe akavunjika nyonga. Sasa alitembea kwa magongo, na mwisho wa safari yake ulikuwa uzio wa boma lake.

Hapo uzioni ndipo Ratemo alipomkuta Jumamosi moja.

"Chamgei, mzee. Leo nimekuletea wawili. Bure. Sitaki kitu."

Johana alimchukua mmoja, akamgeuza, akapitisha kidole nyuma ya matamvua, mahali magamba yalipokuwa yameng'oka na mstari mwekundu umezunguka.

"Hii imenyongwa na wavu," alisema. "Peleka kwa wenye njaa."

"Samaki ni samaki, mzee. Ikishaingia kwa sufuria, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Kwani ile ya ndoana iko na nyama gani ingine?"

"Nyama ni ile ile." Johana alimrudisha samaki kwenye kreti polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Lakini ile ya ndoana, mimi na yeye tumeonana. Yeye amenikataa, mimi nimemkataa, mpaka mmoja akachoka. Hii yako ilikufa huko chini na hakuna mtu alikuwa hapo."

Ratemo alicheka, akapanda baiskeli. Lakini alipofika chini ya mteremko kicheko kilikuwa kimeisha, na mahali pake pameingia kitu kama mchanga ndani ya kiatu. Watu zaidi ya mia walikula samaki wake kila wiki. Watoto wa laini walikuwa wakinenepa. Na mzee mmoja asiyeweza hata kufika mtoni alikuwa amemwambia kwamba samaki hao hawana maana.

"Si amekataa tu?" Syprose alimwambia. "Mwache. Kuna wangapi wanataka?"

Hakumwacha. Ijumaa iliyofuata, alipokuwa akitoa wavu, alikuta samaki mkubwa aliyenasa kwa meno tu pembeni, mwili wake hauna alama hata moja. Alimtazama kwa muda. Kisha akachomoa waya kutoka kwa mwavuli mkuukuu, akamtoboa mdomo wa juu, akamfunga kwa majani mabichi. Kesho yake alikuwa uzioni.

"Huyu si wa wavu," alisema. "Nimeazima ufito kwa mtu wa Londiani."

Johana alitazama shingo, akatazama ubavu, akafungua mdomo. Alipoliona tundu, uso wake ulibadilika hata Ratemo akaangalia pembeni.

"Ulimtoa wapi?"

"Itare. Chini ya daraja."

"Pale kwenye mianzi, ama pale maji yanazunguka jiwe?"

"Pale kwenye jiwe."

"Akakimbia juu ama chini?"

"Juu, mzee."

"Wakubwa hukimbia chini."

"Alianza juu. Halafu akageuka chini, nikadhani atanivunjia kila kitu."

Johana alijipiga paja. "Ndiyo! Hivyo ndivyo wanafanya!" Akamwita mkewe. Tecla alitoka jikoni, akatwaa sufuria nyeusi iliyoning'inia nje ya ghala, kwa sababu sufuria ya samaki haikuingia nyumbani mwake, akampika uani huku amegeuza uso. Johana alikula mpaka kichwa. Katikati ya kula aliuliza tena habari za jiwe, na Ratemo akasimulia tena, safari hii akiongeza mwamba, na kuteleza, na maji kumfika kifuani.

Jumamosi nne mfululizo alipeleka samaki na hadithi. Hadithi zilikuwa kazi kubwa kuliko samaki. Akiendesha baiskeli alizitunga, akikoroga uji alizitunga. Mara moja alimwuzia mwalimu mkuu samaki watatu akamrudishia chenji ya wawili kwa sababu mawazo yake yalikuwa kwenye kilindi ambacho hajawahi kukiona. Tecla alimwambia siku moja akimsindikiza, "Mzee siku hizi analala. Zamani alikuwa anahesabu mabati." Badala ya kumfurahisha, maneno hayo yalimfanya Ratemo asukume baiskeli mpaka kwake bila kukumbuka kuipanda.

Jumamosi ya tano Johana alimngoja na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Wanangu hawali samaki," alisema. "Ufito wa kuazima utakuletea ugomvi na mwenyewe. Chukua huu wangu. Na kikopo pia."

Ratemo alirudisha mikono nyuma. "Hapana, mzee. Huu ni wako."

"Wangu unafanya nini hapa? Unakaa kwa ukuta tu. Chukua."

Akachukua. Syprose alipomwona akiingia nao alidhani ni mkuki. Ratemo aliusimamisha kwenye pembe moja ya nyumba, akauhamishia nyingine, akautoa nje, akaurudisha ndani. Asubuhi alikuwa Itare.

Kwanza alitafuta jiwe alilolisimulia. Lilikuwepo, lakini maji yake yasingemfika mtu magotini. Alisimama hapo akasikia aibu peke yake. Kisha akaanza kurusha. Mshipi ulinasa kwenye mianzi, ukanasa kwenye kofia yake, ukanasa kwenye kidole gumba mpaka akaikata nyama kwa kisu kutoa ndoana. Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Alikwenda hata siku za wavu, na wavu ukikaa siku mbili majini samaki huoza humo humo. Tuliosubiri getini tulirudi bila kitoweo.

"Unaacha kreti nzima kwa ajili ya samaki mmoja ambaye hata hujamwona?" Syprose aliuliza.

"Nikimpata huyo mmoja nitapumzika."

"Wewe? Upumzike?"

Ilikuwa wiki ya sita ndipo mshipi uliposimama, kisha ukatembea wenyewe kuelekea upande wa pili. Ratemo alipiga kelele ingawa hakukuwa na mtu. Ufito ulikuwa ukitetemeka mpaka mabegani mwake. Alijua hasira ya samaki yule, akajua anapochoka, akajua anapodanganya kuchoka. Alipomfikisha kwenye majani alikuwa mdogo, hakuzidi kiganja na nusu, na Ratemo akaketi kando yake anahema kama aliyepanda mlima na gunia. Mikononi mwake walikuwa wamepita maelfu ya samaki. Huyu ndiye wa kwanza aliyemtazama jicho.

Hakuoga. Alikwenda moja kwa moja kwa Johana, akamweka mbele yake.

Johana alimpima kwa vidole, akatabasamu kwa upole. "Huyu ni mtoto. Yule wa Jumamosi ya jiwe, yule alikuwa samaki!"

Kama mzee angenyamaza, au angesema tu asante, pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini Ratemo alikuwa na kidole kilichofungwa kitambaa na wiki sita miguuni.

"Yule alikuwa wa wavu!" alisema. "Wote walikuwa wa wavu, mzee. Nilitoboa midomo na waya wa mwavuli. Hii ndiyo ya kweli. Hii peke yake."

Tecla, aliyekuwa akifika na sufuria nyeusi, alisimama. Johana alimtazama Ratemo, akatazama yule samaki mdogo, akaomba magongo yake.

"Rudisha ufito kwa ukuta," alisema. "Halafu uende."

Ratemo aliurudisha. Samaki alibaki juu ya jani la mgomba, na Tecla alitwambia baadaye kwamba paka ndiye aliyemla.

Miezi miwili ilipita. Ratemo alirudia wavu wake, lakini alikuwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hajui ni kitu gani. Alipita boma la Johana haraka, kengele ya baiskeli ameifunika kwa mkono. Alipunguza bei, akaipandisha, akaanza kusema habari za kuhamia Londiani kulima viazi. Syprose alimsikiliza, kisha akamfungia mayai sita kwenye leso.

"Nenda kwa yule mzee," alisema. "Kama atakupiga, akupige. Mimi siendi Londiani kwa sababu ya samaki."

Johana alikuwa ameketi mahali pale pale. Aliyapokea mayai, akayaweka mapajani, akayageuza moja moja mpaka Ratemo akaanza kugeuka aondoke.

"Zile hadithi," mzee alisema, "ulizitoa wapi?"

"Kichwani tu, mzee. Nisamehe."

"Nilikuwa nazipenda." Akafikicha macho. "Hiyo ndiyo inaniuma. Nilizipenda kuliko kitu. Hujambo huko bwawani?"

"Tupo tu."

"Nipeleke nione."

Ratemo alifungua kreti, akatandika gunia kwenye keria ya baiskeli. Walikwenda polepole kati ya chai, Ratemo akisukuma, Johana ameshika mabega yake, Tecla nyuma na magongo na ufito, akinung'unika kwa Kikipsigis kwamba amezaliwa aone mambo. Bwawani Johana aliketishwa juu ya kreti iliyopinduliwa. Aliomba ufito. Mkono wake ulipokwenda nyuma na kurudi mbele, mshipi ulifunguka juu ya maji bila sauti, ukalala kama unywele, na Ratemo akaelewa kwamba wiki zake zote sita Itare alikuwa akipiga maji viboko.

Siku ile Johana hakupata kitu. Wala ya pili. Ya tatu alipata mmoja wa kutosha chakula, akamvuta akiwa ameketi, akicheka na kumtukana, na Tecla akasahau akashangilia.

Ratemo alimwuliza siku hiyo, "Sasa mzee, wangu hawa wa kreti, bado hawana maana?"

Johana alifikiri kwa haki. "Wako wanalisha watu. Wangu hawajamlisha hata Tecla. Ukiniuliza kwa tumbo, wako wamenishinda. Lakini mimi siwali wako."

Na hakuwala. Miaka minne waliyokwenda bwawani kila Jumamosi, mpaka alipofariki mwaka wa 1977, Johana hakuonja samaki wa wavu hata mmoja. Akikosa, alikula mboga.

Ratemo aliendelea na wavu, siku tatu kwa wiki, goti likicheza kanisani kama kawaida. Lakini katika miaka hiyo, mzee akiwa bado hai, Syprose alianza kushangaa kwamba wakubwa wamepungua kwenye kreti. Alfajiri moja alimfuata. Alimkuta mumewe amesimama majini mpaka kiunoni, amemshika trauti wa mkono mzima, anamchomoa tundu kwa tundu kwenye nyuzi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Alipomtoa kabisa alimshika wima majini mpaka alipopata pumzi, akamwachilia.

"Ratemo! Huyo si angelisha nyumba mbili?"

Akaruka kama mwizi. "Ni mmoja tu, Syprose."

"Wa juzi ulikuwa mmoja tu?"

Ratemo alikuwa akitazama mahali maji yalipofumba, miguu yake ikihamahama kwenye tope.

"Leo ni Ijumaa," alisema mwishowe. "Kesho huyo mzee akija, atampata wapi kama nimemmaliza mimi?"