Sauti ya Mama Kwenye Minji

Mama alifariki Januari 2008, barabara zikiwa zimefungwa kwa vurugu za uchaguzi, na mdogo wangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa hakuweza kufika Nakuru kumzika. Alipokuja hatimaye, hakuuliza kaburi liko wapi. Aliomba kusikia sauti yake.

Sauti ilikuwapo. Mwaka uliotangulia nilimrekodi akisimulia maisha yake, nikaihifadhi ndani ya kompyuta. Lakini sikuiamini hata kidogo diski ile inayozunguka gizani na kufa bila kuugua. Nikatoa nakala kwenye CD, nikampa dada yetu mkubwa wa Njoro aitunze. Asiyeweka akiba ya kitu hakithamini kitu hicho: hilo naliamini hadi leo. Kompyuta iliibwa wakati wa vurugu hizo. Ikabaki CD.

“Ile ya kung’aa?” dada aliuliza tulipoifuata Njoro. “Iko kwa minji.”

“Kwa minji inafanya nini?”

“Inafukuza ndege. Hukuandika kitu juu yake. Nikadhani ni yale mahubiri yako unayotuletea.”

Tuliikuta ikining’inia kwa uzi kwenye kijiti katikati ya shamba la njegere, ukingo wake umebabuka kwa jua. Chini yake ndege walikuwa wakila minji. Dada alianza kulia. Mimi niliifuta vumbi kwa shati na kuitia kwenye bahasha.

Mjini, mwenye duka la picha, Mhindi tuliyezoeana naye, aliinua CD mbele ya taa. Mwanga ukapenya ukingoni.

“Mzee, hii husomwa kutoka katikati kwenda nje. Huku nje kumekwisha. Wacha tujaribu katikati.”

Kilichosomeka alikihamishia kwenye flash disk, kisha akatuwekea tusikilize.

“Imeshika?” Mama aliuliza.

Kisha nikajisikia mimi: “Mama, usigonge meza. Sema kwanza jina lako kamili. Halafu mahali ulipozaliwa. Halafu mwaka. Usiruke.”

“Jina langu si unalijua?” Akacheka. Ukafuata mkwaruzo, kisha kimya.

“Rudisha, boss,” mdogo wangu alisema.

Ikarudishwa. Nilikuwa nikitazama fremu tupu za picha ukutani, na sikuhisi chochote.

“Unaweza kumtoa huyu mwingine?” mdogo wangu alimwuliza. “Abaki Mama peke yake?”

Mwenye duka hakugusa kitu. Alinigeukia mimi, akangoja.

“Kata sauti yangu,” nilimwambia.