Samaki Aliyemtema Chura Wangu Mara Tatu

Samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona alimbana chura wangu mdomoni mara tatu, na mara zote tatu akamtema, kama mwanafunzi mgeni anapoonja uji wa bwenini.

Mashahidi wapo wawili. Waulizeni.

Nitaeleza toka mwanzo, kwa unyenyekevu wote ambao sina.

Mjomba wangu ni fundi saa. Duka lake lina meza moja, taa moja na saa sitini zisizokubaliana. Kila kiangazi shule ikifungwa naenda kukaa kwake, na asubuhi tunaingia ziwani na boti yake ya makasia kuvua besi. Huyo ni samaki wa kijani, mdomo mpana kama mfuko wa koti, hulala chini ya magugu maji akikwepa jua.

Kiti cha mbele kilikuwa changu. Jina "fundi mdogo" lilikuwa langu. Hata kikombe kilichovunjika mpini kilikuwa changu.

Mwaka huu nafika na sanduku langu la bweni, nakuta kikombe kina mtu.

"Kaka! Karibu!"

Mtoto wa mama mdogo. Miaka kumi na mitatu, meno yote nje. Alihamia kwa mjomba mama yake alipopata kazi mbali. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Anasalimia hadi paka. Nikampa jina papo hapo: Mtakatifu.

"Fundi mdogo!" mjomba akaita kutoka ndani.

"Naam!" tukaitika wote wawili.

Alikuwa anamwita yeye.

Jamani, wivu unaunguza. Nimewahi kukalia pasi ya moto, kwa hiyo nazungumza kama mtaalamu.

Siku ya Alhamisi, mezani, mjomba akanyoosha mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka.

"Mnauona? Umeanza kucheza ngoma bila ruhusa yangu. Kuvua basi tena. Jumamosi mtavua nyinyi wawili, mimi nitapiga kasia. Atakayetoa samaki mkubwa zaidi anachukua fimbo yangu ya kuvulia."

Fimbo yake! Mpini wake umezungushiwa ngozi ya mikanda ya saa, na chini kabisa kuna alama za meno. Ni meno yangu. Niliung'ata nikiwa na miaka sita, siku niliyompoteza samaki wangu wa kwanza.

"Ila jihadhari na huyu," mjomba akaongeza, akimpigapiga Mtakatifu begani. "Mwezi uliopita alitoa wa kilo tatu."

Mtakatifu akainamisha kichwa kwa haya. Hata haya zake zilinikera.

Ijumaa mchana wakaenda wote wawili sokoni kununua kamba ya boti. Mimi nikasema kichwa kinaniuma, nikabaki dukani.

Kichwa kilikuwa kizima. Roho ndiyo iliyokuwa inauma.

Fimbo ya Mtakatifu ilikuwa imeegeshwa ukutani, tayari, na chambo chake, chura wa mpira, kwenye mshipi. Chura wa aina hiyo ana ndoano mbili zimelala mgongoni, ili ateleze juu ya magugu bila kunasa. Samaki akimbana, mpira unabonyea, ncha zinachomoza, kazi imekwisha.

Nikachukua tupa ndogo ya mjomba, ile ya kusugulia vyuma vya saa. Nikazisugua ncha zote mbili mpaka zikawa butu kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Mimi ndiye niliyepaka sabuni ubao wa mwalimu wa hesabu. Hii ilikuwa kazi ya mkono mmoja.

Jumamosi maji yalikuwa vuguvugu, magugu yametanda kama zulia. Mara mbili samaki wakamrukia chura wa Mtakatifu, pwaa! Mara mbili wakaondoka zao.

"Pole sana, mdogo wangu," nikamwambia kwa sauti ya msibani.

Mimi nilikuwa na mmoja, urefu wa kandambili. Ulinitosha.

Mjomba akafungua chupa ya chai.

"Haya, badilishaneni fimbo."

"Eti?"

"Chai ikifunguliwa, fimbo zinabadilishwa, kila moja na chura wake. Ni sheria."

"Tangu lini, mjomba?"

"Jana. Tuliiweka njiani, tukienda sokoni."

Nikapokea fimbo kama mtu anayepokea barua ya kufukuzwa shule.

Kisha akaja yule mkubwa. Magugu yakapasuka, mdomo ukamfunika chura, nikavuta. Akatema. Nikarusha tena. Akabana, akatema.

"Vuta, mtoto wewe!" mjomba alipiga kelele. "Unamvua au unambembeleza?"

Mara ya tatu niliuona ubavu wake wote. Akatema.

Mtakatifu akarusha chura wangu wa mwanzo, mwenye ncha kali, kwenye tundu lile lile. Pwaa! Boti ikalala upande. Kilo nne na robo.

"Nipe huyo chura wako," mjomba akaniambia.

Akatoa lenzi yake ya kazi mfukoni, akaibana jichoni, akatazama ndoano kwa muda mrefu. Kisha akanigeuzia mimi lile jicho kubwa.

"Hii ni kazi ya tupa yangu. Ina jino lililovunjika, inaacha mkwaruzo wa pembeni."

Nikatafuta pa kukimbilia.

"Hiyo sheria ya kubadilishana," nikasema, "nani aliitunga?"

"Mimi, Kaka," Mtakatifu akajibu, samaki mikononi. "Fimbo yako imechakaa, yangu ni mpya. Halafu hujavua tangu mwaka jana. Niliona si haki."

Mjomba akashika makasia, akatugeuza kuelekea ufukweni.

Fimbo ya mjomba ni ya Mtakatifu sasa. Mimi nimepewa ndoano zote za nyumba hii, mia moja na kumi na mbili, nizinoe moja moja kwenye meza ya mjomba.

Jana mjomba alichukua moja ya zile nilizozifanya butu, akaishika kwenye taa. Mkono wake ukatetemeka, ndoano ikaanguka.

"Kazi ya kishetani," akasema. "Lakini angalia ulivyosugua. Mkono wako haukutikisika hata kidogo." Akasogeza mbele yangu saa iliyofunguliwa. "Ukimaliza ndoano, tutaanza na hii."

Kwa hiyo wenzangu wenye wivu, nawausia: unapokaa kumchimbia mtu shimo, jiulize yeye saa hiyo hiyo yuko wapi, na anakuombea nini.

Mimi sikujiuliza. Nimebakiza ndoano tisini na nne.