Matundu ya Koti la Vita

Miaka ya tisini nilikuwa na cherehani moja barazani kwangu, mtaa wa Shanwe mjini Mpanda, na kazi yangu kubwa ilikuwa sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Siku moja katekista wetu akaniletea koti refu la sufu, la mzee mmoja wa Misunkumilo aliyepigana vita vya Waingereza. Parokia ilikuwa inaandaa igizo la jubilei, kuonyesha padri wa kwanza alivyofika, na koti lingevaliwa na mwigizaji wa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya.

Nililiinua juani. Mwanga ukapenya kama kwenye chekeche.

"Nondo wamekula wakashiba," nikasema.

"Una wiki mbili, mama," katekista akajibu. "Na Bwana Shauri havai kiraka."

Kwanza ilibidi niue mayai ya wale wadudu. Saa sita mchana nililitandaza koti juu ya bati, mikono nimeinyoosha vizuri. Jirani yangu alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akaiachia. "Nyie! Kuna mtu kafa juu ya nyumba!" Mpaka namtuliza, watu kama kumi walishajaa uani, na mwanamume mmoja alishapanda ngazi kwenda kumfumba marehemu macho.

Uzi wa sufu wa rangi ile Mpanda nzima haukuwepo. Nikachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la koti lenyewe, nikaanza kufuma kila tundu kwa sindano: uzi unapita juu, unapita chini, mpaka tundu linafungana na kitambaa. Niliyapenda sana yale matundu yalipokuwa yanapotea.

Siku ya nne mwenye koti akaja kwa baiskeli. Alikagua kazi yangu, kisha akavuta kigoda karibu.

"Mwanangu, umeziba yote?"

"Yamebaki mawili ya begani, babu."

"Hayo yaache." Akatazama huku na huku. "Hayo ni ya risasi."

Nilimwangalia. Pembeni mwa tundu moja kulikuwa bado na ganda la kiwavi.

"Babu, hii ni kazi ya nondo."

"Ninajua," akasema kwa unyonge. "Lakini Misunkumilo hawajui. Nimewahadithia miaka thelathini."

Nilishindwa kucheka mbele yake. Nikayaacha. Jioni ile ile katekista akapita, akayaona, akang'aka. Nami nikaona njia: nitayaziba kwa muda, igizo likiisha nitafumua, kila mtu abaki na lake.

Siku ya igizo jua liliwaka hasa. Bwana Shauri alitokwa jasho mpaka masharubu yake ya pamba yakadondoka, akamkaribisha padri huku ameyashika mkononi. Watu walicheka mpaka machozi. Mzee yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa begani pa koti.

Baada ya misa ya shukrani tukalikunjua, mimi na yeye, nyuma ya kanisa. Nikatafuta matundu yangu mawili. Nikageuza ndani, nikageuza nje, nikapapasa. Sikuyaona. Nilikuwa nimefuma vizuri kuliko nilivyokusudia.

"Toboa popote," mzee akanong'ona.

"Babu, siwezi kukata sufu nzima kwa mkasi. Dhambi."

Alikaa kwenye ngazi za kanisa, koti mapajani, akapapasa bega lile mwenyewe. Mwisho akasimama, akalivaa na joto lote lile, akapanda baiskeli bila kuniaga. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Mwezi haukuisha, wakaja wageni wawili kutoka Kasekese. Wamebeba sweta lililoliwa na nondo. Waliambiwa na mzee wa Misunkumilo kuwa Shanwe yupo fundi mwanamke aliyefunga matundu ya risasi, ukitafuta zilipopita huoni.

"Ni kweli, mama?" mmoja akauliza.

"Matundu niliyaona kwa macho yangu," nikajibu, nikalipokea sweta.