Mlinzi wa Garsen asiyehesabu magunia

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, mbele ya kaunti nzima ya Tana River, lango kuu la ghala la simsim la Garsen linafunguliwa rasmi. Kwa leo, kaunti nzima imewakilishwa na mbuzi wanne. Lango lenyewe ni mlango wa bati ambao sharti uinuliwe kidogo, kisha usukumwe kwa goti.

Goti ni la Kotile, mlinzi, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Anaingia, anafungua dirisha la pekee, anazunguka magunia, anarudi kulifunga dirisha. Anatoka kutazama barabara ya Malindi. Anaingia, analifungua tena.

"Leo mimi siketi," anasema, ingawa hakuna aliyempa kiti.

Ana sababu. Ushirika wa wakulima wenye ghala hili unatafuta cheti, kwa kuwa mnunuzi wao wa Mombasa amedokeza kwamba mwaka ujao atawatanguliza walio nacho. Vipo viwili: cha usalama wa mizigo na cha jengo lenye afya. Vyote ni vya hiari, hiari ileile inayowafanya wanafunzi wa bweni wajitolee kusugua vyoo. Fedha za ushirika zinatosha kimoja tu.

Katibu wa ushirika, Rebecca, amevilinganisha kwenye karatasi aliyoipiga mstari katikati. Upande wa usalama: dirisha lizibwe kwa matofali, ufunguo uwe mmoja, mlinzi aandike idadi ya magunia kila baada ya saa mbili. Upande wa afya: dirisha liwe wazi, maji ya kunywa yawe karibu, wafanyakazi wapate mahali pa kupumzika.

"Nimesoma mara nne," anasema Rebecca. "Kimoja kinaogopa mwizi, kingine kinaogopa vumbi. Vinakuja kupigana hapo dirishani."

Mkaguzi wa afya alikuja wiki jana na kipimajoto. Saa nane mchana, dirisha likiwa wazi, kilisoma nyuzi thelathini na nane. Likizibwa je? Hakutaka kukisia. Wanawake wanaopepeta simsim humo ndani wanakohoa hata sasa.

Lakini kinachomnyima Kotile utulivu si joto. Ni ile idadi. Cheti cha usalama kikichaguliwa, atatakiwa mlinzi wa kuhesabu na kuandika, na Kotile hahesabu. Mshahara wake wa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi ndio unaowalipia karo binti zake wawili, Darmi na Abdia.

Tukisema hajui kuhesabu tutakuwa tumemsingizia. Alikulia nyuma ya ng'ombe, na kwa baba yake mifugo haikuhesabiwa. Ilitazamwa ikirudi jioni, na mtazamaji akajua nani hayupo. Ukame ulipoimaliza, alikuja mjini na macho yaleyale. Ukimuuliza alikuwa na ng'ombe wangapi, anatazama kando.

"Walikuwa wa kutosha," anasema. "Sasa hawako."

Magunia nayo anayatazama vivyo hivyo. La kijiji cha Hewani lina mshono wa bluu. La Ozi limeinama bega moja. Kuna fupi la Wenje analoliita ndama.

Saa tatu, Kotile na Rebecca wanakwenda barabarani kumsubiri mkaguzi wa usalama. Ghala wanamwachia mtu wa kuaminika.

Saa nne wanarudi na Bi Winfred, ubao wa kuandikia ukiwa kwapani. Anamwuliza Kotile idadi.

"Wako wote," anajibu Kotile kutoka mlangoni.

"'Wote' si idadi, mzee wangu."

Bi Winfred anahesabu mwenyewe. Mia mbili na kumi na mawili, sawasawa na daftari la Rebecca. Anahesabu mara ya pili, anatia alama ya vyema.

Kotile, ambaye sasa amefika katikati ya ghala, anasimama. Ni mara ya kwanza tangu alfajiri miguu yake kutulia.

"Mmoja hapa ni mgeni."

Anakwenda safu ya tatu na kuinua gunia kwa mkono mmoja. Limejaa makapi ya mpunga. Lile la Ozi, lenye bega lililoinama, analivuta kutoka nyuma ya rundo la magunia matupu. Limechanika ubavuni.

Bi Winfred anaitazama alama yake ya vyema kwa muda, kisha anaikata. Anakiri kwamba fomu yake haina mahali pa kuandika alichokiona, kisha anageuza karatasi na kuandika nyuma: dirisha liwekewe wavu wa chuma badala ya matofali, mwingine ahesabu, Kotile atazame. Ni maoni tu, anaonya. Wenye kuamua ni wanachama, Jumamosi.

"Dirisha libaki," Kotile anasema. "Na mimi nibaki. Darmi amalize Kidato cha Nne, halafu nitanunua mtamba mmoja. Huyo mmoja hata nyinyi mtaweza kuhesabu."

Kisha anamgeukia katibu.

"Mama Griffin, muulize Griffin. Makapi yako kwa soksi yake."

Griffin ni mwana wa Rebecca, yuko nyumbani kwa likizo, na ndiye yule mtu wa kuaminika. Ndiye pia mwandishi wa makala haya. Alilificha gunia la Ozi na kuweka la makapi kwa sababu alitaka habari yake iwe na tukio. Hakufikiria kwamba gunia lile lingeweza kuondoka na karo ya Darmi, na hilo analiandika hapa bila kutumwa na mama yake, aliyesimama nyuma yake.

Kotile hakumkaripia. Alimpa shazia, sindano ile kubwa ya kushonea magunia, akamwonyesha ule ubavu uliochanika. Mshono ulitoka umepinda kama njia ya mbuzi. Kotile aliukagua kwa makini.

"Sasa," akasema, "na wewe nakujua."